Bridget Jones na Kochi la Dhamana

Mama mkwe alitolewa mtoto wa jicho, akaletwa kwetu Ngamiani, Tanga, na orodha ya makatazo kutoka hospitali: asiiname, asibebe kitu kizito, asisugue jicho, asisogelee moshi wala vumbi, na matone atiwe kwa saa. Kwa mwanamke aliyeishi Pangani maisha yake yote akipika mwenyewe, akisuka ukili mwenyewe na kusimamia kila nazi inayoanguka shambani kwake, makatazo hayo yalikuwa kifungo. Jikoni haingii kwa sababu ya mkaa. Uani hatoki kwa sababu ya vumbi. Televisheni ilimtoa machozi. Redio aliisikiliza mpaka akawa anamalizia sentensi za watangazaji kabla yao. Akabaki sebuleni kwenye kochi letu jekundu la watu watatu, kinga ya plastiki juu ya jicho, anasikiliza kila linalofanyika nyumbani na kulitolea amri. Mchuzi ulioanza kushika chini aliujua kwa mlio wa mwiko.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nafundisha Kiingereza sekondari, na likizo yangu huwa ya riwaya, nyingi zikiwa za mtumba, zile ambazo wauzaji huzitandaza chini kando ya barabara Dar es Salaam, bado zina majina ya wenyewe wa kwanza kwenye kurasa za mbele. Alasiri moja nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

Nikamwambia ni habari za binti mmoja wa London, anaitwa Bridget Jones.

"Basi tucheke wote. Soma."

"Kimeandikwa Kiingereza, mama."

"Na wewe mshahara unalipwa kwa kufanya nini?"

Hivyo ndivyo Bridget Jones alivyoingia nyumbani kwetu, nami nikawa namsoma kwa macho katika lugha yake na kumtoa mdomoni katika yetu.

Nimweleze kidogo kwa wasiomjua, kwa sababu nampenda. Helen Fielding alianza kumwandika mwaka 1995 kwenye safu ya gazeti la The Independent la Uingereza, na mwaka 1996 akatoa riwaya iliyoandikwa kama shajara, Bridget Jones's Diary. Bridget ana miaka thelathini na kitu, hajaolewa, anafanya kazi katika kampuni ya uchapishaji wa vitabu. Kila siku, kabla ya habari nyingine yoyote, anaandika uzito wake, pombe aliyokunywa, sigara alizovuta na kalori alizokula. Mwaka mpya anaufungua kwa maazimio marefu, na kabla wino haujakauka ameshavunja nusu yake. Moyo wake umemwendea bosi wake, Daniel Cleaver, mwanamume mwenye maneno matamu na ahadi nyepesi. Huku nyuma mama yake na mashoga wa mama yake wanamsukumia wakili Mark Darcy, ambaye anakutana naye kwenye karamu ya mwaka mpya, amewapa watu mgongo anachunguza rafu ya vitabu, mwilini ana sweta ambalo hakuna mtu mzima angelivaa kwa hiari. Fielding hakuficha kwamba mkondo wa kisa aliuchukua kwa Jane Austen, kwenye Pride and Prejudice ya mwaka 1813. Colin Firth, aliyeigiza Darcy wa Austen katika tamthilia ya BBC mwaka 1995, ndiye aliyechukuliwa kuwa Mark Darcy kwenye filamu ya mwaka 2001.

Niliogopa sigara na pombe zingemuudhi mama mkwe. "Hayo atayamaliza na Mola wake," akasema. "Wewe niambie, yule Daniel kapiga simu?" Kilichomuudhi ni mizani. Kila siku niliposoma uzito wa Bridget alitikisa kichwa. "Ana mizani, hana mtu wa kumwambia amependeza. Mizani itamjibu nini?" Penye mambo ya chumbani nilikuwa nageuza kurasa haraka nikikohoa, naye akatoa ruhusa: "Sema tu wameingia na wametoka, tuendelee."

Aliyemshika zaidi hakuwa Bridget. Alikuwa mama yake Bridget, mke wa mtu wa miaka mingi, ambaye siku moja anamwacha mumewe nyumbani na chai yake, anapata kazi ya kutangaza kwenye televisheni, na anaandamana na Mreno mmoja aitwaye Julio ambaye mwishowe anawatapeli marafiki wa mama huyo fedha zao. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza, mama mkwe alinyamaza. Nikadhani amelala.

"Huyo mama watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa?"

"Wote wakubwa."

"Endelea."

Kesho yake hakuuliza habari za Bridget. Aliuliza kama yule mama amerudi kwake.

Visomo vilianza baada ya Alasiri na kuishia na adhana ya Magharibi. Msikilizaji wa pili alikuwa binti wa kazi, mtoto wa Lushoto, aliyesimama mlangoni na chekeche la unga mkononi hadi maharage yakaungua. Wa tatu ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anayeishi nasi na kuuza kwenye duka la vifaa vya shule. Wa nne ni jirani wa ukuta mmoja, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa akakuta Daniel Cleaver yuko kwenye kilele cha uongo wake, akavua kanga ya kichwani na kukaa chini. Jirani naye alikuwa na dada yake, na dada yake alikuwa na shoga yake. Watoto wakawekwa barazani wahesabu viatu.

Nyumba ikaanza kuyumba. Alasiri moja tuliwasha pampu ya maji, tukaingia kwenye sura ambayo Bridget anamkuta mwanamke mwingine nyumbani kwa Daniel, na hakuna aliyeikumbuka pampu tena. Tangi likajaa, likamwagika, maji yakapita chini ya ukuta hadi uani kwa jirani, kwenye mkeka alioanikia makopa yake ya muhogo. Mtoto alikuja kusema mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa anyamaze. Mara ya pili jirani mwenyewe, mwenye makopa, alimwambia, "Ngoja huyu mwanamke avae nguo kwanza." Alipokwenda kwake alikuta uji. Tukamlipa makopa, akapokea nusu. Nusu nyingine, alisema, tutamlipa kwa kumrudia ile sura, kwa kuwa mtoto alimkatiza mahali penyewe.

Mume wangu hurudi kutoka bandarini jioni akiwa na njaa. Wiki hiyo alikula chipsi za barabarani zaidi ya alivyowahi kula tangu tuoane. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni, akaona wanawake wanafuta machozi, akauliza nani kafariki. Baadaye akawa anavuta kigoda chake ukumbini, upande wa pili wa pazia, na tukisimama kutia matone alikuwa anauliza kwa sauti ya mbali, kama mtu asiyejali, yule wakili yuko wapi.

Halafu tukafika kwenye supu ya bluu.

Bridget anawaalika marafiki kwa chakula cha usiku, na badala ya kupika anachokijua anachagua mapishi ya mpishi mashuhuri. Anafungia viungo vya supu kwa uzi, uzi wenyewe ni wa bluu, rangi inatoka, supu yote inakuwa bluu. Machungwa aliyokusudia yawe kitu cha kifahari yanageuka jamu. Wageni wako mlangoni. Na marafiki zake wanafanya nini? Wanakaa, wanakunywa divai, wanakula kilichopo.

Mama mkwe alicheka hadi nikaogopa. Daktari alikuwa amesema asijikaze, na mimi nilikuwa nimemshika mabega, yeye ameshika kinga ya jicho kwa mikono miwili, anacheka bila sauti kama wachekavyo watu wa makamo wanapozidiwa. Alipopata pumzi akasema, "Mimi niliwapa mafuta ya taa."

Tukanyamaza wote.

Alikuwa mwari wa wiki chache nyumbani kwa wakwe, Pangani, akaachiwa jiko siku ya wageni. Samaki wa kupaka. Chupa ya mafuta ya nazi na chupa ya mafuta ya taa zilikuwa zimekaa bega kwa bega, zote za soda, zote zimezibwa kwa karatasi. Alipogundua, samaki wamekwisha kupakuliwa. Wakwe walikula. Hakuna aliyesema neno. Baba mkwe wake alimaliza sahani yake nzima, akanawa, akamshukuru, kisha akaomba mtu yeyote asiwashe sigara karibu naye mpaka asubuhi.

Mume wangu alitokeza kichwa kwenye pazia. Amezaliwa na mwanamke huyo, amelelewa naye, na hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Mama yake tuliyemjua sote alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuunguza hata maji. Usiku nilifikiri ni miaka mingapi ameibeba chupa ile kifuani, na jinsi ilivyohitaji binti asiyekuwepo, wa nchi asiyoijua, kuharibu supu kwanza ndipo yeye aitue.

Hapo ndipo penye uzito wa riwaya hizi nyepesi, na hapo ndipo watu wengi wanapopapita. Fasihi yetu nimeisoma na kuifundisha kwa mapenzi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, haijapata kunitoka moyoni: binti wa Ukerewe, baba mkali na mlevi, anafungiwa hadi hajui dunia, anafunguliwa ghafla, anateleza, na mwisho anajiua. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, nayo inamchukua Maimuna kutoka kwenye nyumba ya baba aliyemfungia hadi kwenye danguro la Mama Jeni. Ni vitabu vikubwa, vinaushtaki ukali wa baba kwa haki. Lakini binti wa miaka kumi na saba anayevisoma bila vitabu vingine vya kukaa navyo anaondoka na hesabu moja: mwanamke akikosea, kosa humla. Nyumbani anaambiwa vivyo hivyo, na kwenye unyago vivyo hivyo, na shangazi akija kutoka Korogwe anarudia hayohayo.

Bridget anakosea kila siku na kesho yake anaamka. Analipia, tena analipa kwa aibu, kwa machozi, kwa kuchekwa mbele za watu. Ila bei yake inalipika. Austen alikwisha kulijua hilo. Katika Emma, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815, binti tajiri mwenye majivuno anamfanyia mzaha Miss Bates, mwanamke maskini mwenye maneno mengi, mbele ya kundi zima mlimani Box Hill. Ni mzaha mdogo na ni ukatili mtupu. Emma anakemewa na mtu anayempenda, analia njia nzima ndani ya gari, na asubuhi iliyofuata anakwenda kwa miguu yake hadi nyumbani kwa yule mama. Hakuna anayekufa kwa kosa hilo. Kuna mlango wa kubisha, basi, na kuubisha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 2001 waandishi wawili wakubwa wa Uingereza, Beryl Bainbridge na Doris Lessing, walijitokeza hadharani kuzikosoa riwaya za mabinti wa aina ya Bridget, kwamba ni nyepesi mno na waandishi wanawake wangetumia muda wao vizuri zaidi. Lessing namheshimu. Alikulia Rhodesia ya Kusini, na The Grass Is Singing ya mwaka 1950 ni kitabu ambacho mtu akikifunga hawezi kulala. Habari ya kuuawa kwa Mary Turner ndiyo inayokifungua. Ni kweli wanawake huvunjwa, na lazima iandikwe. Lakini sikubali kwamba kumwacha mwanamke hai hadi ukurasa wa mwisho, akicheka, ni kazi ndogo. Kuchekesha bila kumdhalilisha anayechekesha ni ustadi mgumu, na wanaouweza ni wachache.

Bridget alipokwisha, wanawake walidai mwingine. Nikatoa cha Sophie Kinsella, ambaye jina lake halisi ni Madeleine Wickham, The Secret Dreamworld of a Shopaholic, cha mwaka 2000. Becky Bloomwood ni mwandishi wa jarida la mambo ya fedha. Kazi yake ni kuwafundisha watu kuweka akiba. Mwenyewe amezama kwenye madeni hadi shingoni. Meneja wa benki anamwandikia barua, naye anajibu kwa visingizio, mara anaumwa, mara amevunjika mguu. Akiona skafu dirishani anajieleza kwa ufasaha kabisa kwa nini kuinunua ni njia ya kubana matumizi.

Sebule ilitikisika kwa kicheko, kwa sababu kila mwanamke pale alikuwa amewahi kupokea ujumbe wa kukumbushwa marejesho ya kikoba. Wifi tu ndiye hakucheka. Kila barua ya benki ilipofika alikuwa anainuka: mara chai, mara mlango, mara simu. Mama mkwe, kwa jicho moja, alimwona kuliko sisi wenye mawili. "Mbona huyu barua za Becky zinamchoma?" akaniuliza usiku. Nikajibu labda amechoka na maandalizi. Jumapili ile tulikuwa tunatarajia washenga kutoka Muheza.

Jumapili ikafika. Kochi jekundu likapigwa brashi. Mama mkwe akahamishiwa kwenye kiti cha mkono ili wageni wakae kochini. Pilau ikawekwa jikoni chini ya ulinzi wa binti wa kazi, aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba hatasogelea mlango wa sebule. Wakaja wazee watatu, kanzu zimepigwa pasi, na gunia la machungwa, kama inavyowapasa watu wa Muheza. Aliyewaongoza ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mrefu, mpole, anayesikiliza kwa kufumba macho. Wakakaa. Wakaulizwa habari za njia. Barua ya posa ikatolewa, imefungwa kwenye leso nyeupe, ikawekwa mezani, na mume wangu akaanza maneno ya kuwakaribisha.

"Hodi."

Vijana wawili. Mmoja ana fomu, mwingine ameshika kamba. Nje kuna guta.

"Tumekuja kuchukua kochi," akasema mwenye fomu.

Mume wangu akamuuliza kochi gani. Kijana akatazama karatasi, akatazama washenga, akanyoosha kidole kati yao. "Hilo walilokalia wazee."

Mambo yalivyokuwa ni haya. Mjini kwetu msichana mwenye marafiki ana harusi kila mwisho wa wiki. Kila harusi ina mchango, ina kitchen party, ina send-off, na kila mojawapo ina sare yake: kitenge cha kijani leo, dera la zambarau kesho, na asiyevaa anawekwa nyuma kwenye picha. Mshahara wa duka la vifaa vya shule hauwezi. Wifi akaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, hawa wa mikopo ya kausha damu, akachukua laki tatu, marejesho kila Jumatatu. Zilipomshinda akachukua nyingine kulipia ile ya kwanza. Wakamwomba dhamana. Yeye hana kitu, anaishi kwa kaka yake. Akapiga picha kochi.

Kijana, ili kututhibitishia, akafungua simu na kutuonyesha hiyo picha. Kochi ni lenyewe, jekundu, la watu watatu. Na katikati yake, kinga ya plastiki juu ya jicho, mdomo wazi, usingizini, amekaa mama mkwe.

Simu ikazunguka. Ikamfikia mwenyewe. Akaisogeza karibu na jicho zima, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Na mimi nimo kwenye dhamana?"

Hakuna aliyejibu. Mshenga mmoja alianza kukohoa. Mama mkwe akaivuta bangili yake ya dhahabu kutoka mkononi, ile aliyovishwa na mumewe, ikagoma kwenye kifundo, akaitia mate. Hapo wifi akatoka chumbani. Alikuwa amekwisha kupambwa, hina mkononi bado mbichi, na kwa desturi hakupaswa kuonekana na washenga kabisa. Akasimama mbele ya kochi.

"Mama, acha bangili yako. Deni ni langu. Kochi si langu, ni la wifi na kaka, na sikuwaomba. Nimekopa kununua sare. Ninazo kumi na moja kabatini, nyingine sijazivaa hata mara mbili. Wazee wangu, nisameheni, mmekuja kwa heshima mmekuta haya. Kama mnaondoka na barua yenu sitalaumu."

Sauti ilitetemeka mwanzo, mwisho haikutetemeka. Niliisikia na kuitambua. Ni sauti ya binti ambaye kwa wiki nzima amekaa mlangoni akisikiliza mwingine akidanganya kuhusu mguu uliovunjika, akajua uongo huo unavyochosha.

Karani mstaafu alifumbua macho. Hakuinuka kwenye kochi. Akamwomba kijana fomu, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza. Akauliza leseni iko wapi, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji kama huyu awe na leseni. Kijana akasema leseni iko ofisini. "Vizuri, itafuatwa." Akauliza mwenye kochi ametia sahihi wapi. Hakuna sahihi. "Mtu hawekei dhamana mali ya mwenzake, mwanangu. Umetumwa kufanya nini hapa? Umeleta kamba kwa kochi la mtu ambaye hakukopa." Akaomba kalamu. Karatasi haikuwepo karibu, basi akafungua leso, akatoa bahasha ya posa, na nyuma yake, pasipo na maandishi, akaanza hesabu: kiasi kilichochukuliwa, kilicholipwa kila Jumatatu, faini juu ya faini. Washenga wenzake wakainama kumsaidia kujumlisha. Mume wangu akainama. Yule kijana wa kamba naye, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akainama, akawarekebisha mahali.

Ilionekana wifi alikuwa amekwisha kulipa karibu fedha zote alizochukua. Kilichobaki kilikuwa riba na adhabu. Wakakubaliana kiasi cha kawaida, kwa mafungu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi watatu waliokuja kwa ajili ya jambo jingine. Mume wangu akatoa fungu la kwanza kwa simu. Wifi akasema atamrudishia, na akataka liandikwe hilo pia.

Wakati huo tukasikia harufu. Binti wa kazi alikuwa nyuma ya pazia, kwenye kigoda cha mume wangu, machozi yanamtiririka, na pilau imeungua hadi sufuria imebadilika rangi. Mama mkwe akanusa. "Leteni hivyo hivyo," akasema. Tukapakua ya juu, tukamenya machungwa ya Muheza, tukawakaribisha na vijana wa guta, maana hawakuwa na sababu ya kuondoka na njaa. Tulipoanza kula, sebule nzima kimya, kila mtu anatafuta la kusema juu ya ladha ya moshi, mama mkwe aliwageukia washenga.

"Nyinyi mmepata pilau ya moshi. Mimi niliwapa wakwe mafuta ya taa."

Akawasimulia yote, na chupa, na karatasi, na sigara. Karani mstaafu alicheka hadi akavua miwani. Alipoweza kusema alisema wao wametumwa kuleta barua, hawakutumwa kukagua kabati, na barua iko mezani pale, ila wasomaji waanzie upande wa mbele.

Posa ilikubaliwa. Bwana harusi alikuja yeye mwenyewe wiki iliyofuata, kabla ya siku yake, akaomba kuzungumza na wifi mbele ya mama mkwe, akasema kwamba naye pikipiki anayoringia bado ni ya mkopo. Wifi akamwuliza marejesho ni siku gani. Sare nane zimeuzwa mnadani. Tatu amebaki nazo kwa sababu, anavyosema, hizo anazipenda kweli.

Jicho la pili la mama mkwe limepangiwa siku. Ameuliza daktari kama makatazo yatakuwa yaleyale, na alipoambiwa ndiyo alifurahi hadi daktari akashangaa. Nimemtafutia Marian Keyes wa Ireland, Watermelon ya mwaka 1995: Claire anajifungua mtoto wake wa kwanza, na siku hiyohiyo mumewe anamwambia anamwacha. Nilimdokezea tu mwanzo. Akamtuma binti wa kazi kwa jirani kumwambia asianike kitu Jumatatu. Tulitaka kuanza Jumatatu, lakini wifi ametuomba tumsubiri. Jumatatu huchelewa, hupitia kwanza kulipa.